Mowlem Nayo Ipewe Anwani Yake

Nyaya nyeusi za faiba zimetanda Mowlem kutoka nguzo hadi nguzo, zikishuka kwenye kuta za maghorofa na kupenya madirishani. Kampuni za intaneti zinawania wapangaji wa wadi hii ya Embakasi Magharibi, Nairobi, kama zinavyowania majirani zao wa Umoja na Kariobangi Kusini. Vijikaratasi vya matangazo hubandikwa langoni na kwenye ngazi, vikitaja kasi, bei ya mwezi na nambari ya kupiga ili fundi aje. Kuna jambo moja ambalo vijikaratasi hivyo havilitaji kamwe, na wateja hawaliulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba lipo: je, mtu aliye nje anaweza kuifikia kompyuta iliyo ndani ya nyumba hiyo?

Kwa nyumba nyingi za Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, jibu ni la. Intaneti wanayolipia ni ya kutoka tu. Inakuruhusu kwenda kwa wengine, kutazama video zao, kununua bidhaa zao na kujaza fomu zao, lakini hairuhusu mtu yeyote kuja kwako. Makala haya yanasema kwamba huo ni upungufu mkubwa, kwamba unawaumiza zaidi vijana wanaojifunza kutengeneza programu, na kwamba dawa yake imekuwapo kwa miaka mingi.

Ili kuona kinachokosekana, inafaa kurudi mwaka 1983. Mwaka huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD, na ndani yake mlikuwa na njia mpya ya programu kuzungumza kupitia mtandao: soketi. Tangu hapo, karibu kila programu inayopokea wageni kutoka mtandaoni hupitia hatua zilezile. Huomba soketi kutoka kwa mfumo. Kwa amri ya bind, huifungamanisha soketi hiyo na anwani pamoja na nambari ya poti. Kwa amri ya listen, huutangazia mfumo kwamba iko tayari kupokea. Kisha kwa amri ya accept, hukaa na kusubiri.

Amri ya listen ndiyo inayogeuza mambo. Kabla yake, soketi inaweza tu kupiga kwenda kwa wengine. Baada yake, keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, huanza kuwapokea wapigaji hata kama programu yenyewe imeshughulika kwingine: hubadilishana nao zile jumbe tatu za kufungua mawasiliano ya TCP, kisha huwapanga kwenye foleni. Mwandishi wa programu hutaja urefu wa foleni hiyo, lakini mfumo una kikomo chake. Unix za kwanza za Berkeley zilikomea 5. Linux ilikaa na 128 kwa miaka mingi, hadi toleo la 5.4 la mwaka 2019 lilipopandisha kiwango hicho hadi 4,096. Amri ya accept humchukua aliye mbele na kumfungulia soketi yake mpya ya mazungumzo, huku ile ya kwanza ikibaki palepale kuwasubiri wengine. Foleni ikiwa tupu, programu hulala. Haimalizi nguvu za prosesa, haitumi chochote, haisumbui mtu. Inaweza kulala wiki nzima na ikaamka papo hapo mgeni mmoja anapotokea.

Hicho ndicho kitu chote kinachoitwa seva. Tangu kesi ya uchaguzi wa urais ya 2017, Mahakama ya Juu ilipoiamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake zikaguliwe, Wakenya wengi wameichukulia seva kuwa mtambo mkubwa uliofungiwa mahali pa siri na kulindwa na wakubwa. Seva ni kompyuta yoyote yenye programu iliyoita listen. Laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Luthuli Avenue ikiwekewa Linux inatosha kabisa.

Jaribio lake ni la dakika mbili. Kijana aliye chumbani kwake Mowlem anafungua dirisha la amri na kuandika python3 -m http.server 8000. Skrini inajibu kwa mstari mmoja unaotaja anwani 0.0.0.0 na poti 8000, kumaanisha kwamba programu inasikiliza kwenye kila kiunganishi cha mtandao cha mashine hiyo. Anachukua simu yake iliyo kwenye waifai ileile, anaandika anwani ya laptopu, tuseme 192.168.1.5:8000, na orodha ya faili zake inafunguka. Kwenye laptopu mstari mpya unajitokeza ukionyesha saa na anwani ya simu. Kwa anayeliona kwa mara ya kwanza, hili ni jambo la kusisimua kweli: mashine yake imeitwa, nayo imeitika.

Sasa ampigie rafiki yake aliye Umoja, mwendo wa miguu tu kutoka hapo, amwambie ajaribu. Rafiki akiandika anwani hiyohiyo hatapata kitu, kwa sababu 192.168 ni anwani za ndani zinazojirudia katika mamilioni ya nyumba duniani. Akipewa ile anwani ya nje ambayo tovuti za kukagua anwani huonyesha, kivinjari chake kitazunguka kwa muda kisha kitakata tamaa. Kwenye laptopu ya Mowlem hakuna mstari wowote ulioongezeka. Programu haijamkataa mgeni. Mgeni hakufika.

Sababu yake ni uhaba. Anwani za IPv4, zilizobuniwa kwa biti 32, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu la kimataifa liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. AFRINIC, shirika la Morisi linaloigawia Afrika anwani hizi, liliingia awamu ya mwisho ya uhaba Januari 2020, na tangu hapo kampuni inayoomba haiwezi kupewa zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni yenye wateja maelfu kwa maelfu itafanya nini? Inawarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kuna fungu lililotengwa mahsusi kwa kazi hiyo mwaka 2012, linaloanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, na nyumba nyingi zimo humo bila wenyewe kujua.

Mfano wake ni ploti yenye lango moja na soja mmoja. Mpangaji akimtuma mtoto dukani, soja anamkumbuka na kumruhusu arudi. Lakini mgeni akija na jina la ploti tu, bila nambari ya nyumba, soja hana orodha ya wapangaji na hawezi kujua ampeleke kwa nani, kwa hiyo anamwacha nje. Ndani ya nyumba, rauta ya mteja hufanya kazi hiyo, na mwenye rauta anaweza kuiamuru imfikishe mgeni mahali fulani. Tatizo la Mowlem ni kwamba kuna lango la pili, huko kwa mtoa huduma, na mteja hana amri juu yake.

Madhara yanaonekana wazi zaidi kwenye kitu ambacho Wakenya wanakijua kuliko kingine chochote cha kiteknolojia: M-Pesa. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, huduma inayowawezesha waandishi wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Huenda hakuna mlango muhimu zaidi kwa kijana anayetaka kuingia katika biashara ya programu nchini. Duka linalopokea oda mtandaoni, shule inayokusanya karo, mwenye ploti anayetaka kodi ijisajili yenyewe: wote humhitaji mtu anayeijua Daraja.

Tazama jinsi malipo yanavyokwenda. Programu ya kijana inatuma ombi lenye nambari ya simu ya mteja na kiasi cha pesa. Daraja inajibu mara moja, lakini jibu hilo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Kwenye simu ya mteja kisanduku kinajitokeza kikimtaka aweke PIN. Anaweza kuiweka, anaweza kughairi, anaweza kukuta salio halitoshi, anaweza kuiacha simu mezani na kwenda zake. Matokeo yanajulikana baadaye, na hapo mambo yanageuka: sasa mifumo ya M-Pesa ndiyo inayoipigia programu ya kijana, kwenye anwani aliyoitaja mwenyewe, ikiwa na ujumbe wenye msimbo wa matokeo. Sifuri maana yake amelipa. 1032 maana yake ameghairi. Programu inapaswa kuwa macho mahali fulani, ikisikiliza, ili ipokee habari hizo.

Kijana wa Mowlem hana mahali hapo. Msimbo wake ni sahihi, laptopu yake inasikiliza kwenye poti 8000, PIN imewekwa na pesa zimetoka, lakini habari hazimfikii. Wanafunzi wengi hukwama hapa na kudhani wamekosea kuandika programu. Wanarudia mafunzo, wanabadilisha msimbo uliokuwa sawa tangu mwanzo, na wengine wanaamini kwamba kazi hii si ya kichwa chao. Ni uonevu wa kimyakimya, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa hitilafu unaowaambia kwamba kilichozuia ni lango la mtoa huduma.

Wanaojua huzungukia nyuma. Wanatumia ngrok, chombo kilichoanzishwa mwaka 2013 na Mmarekani Alan Shreve, kinachofungua njia kutoka kwenye laptopu hadi kwenye seva ya ngrok yenye anwani ya umma. Mpigaji huifikia seva hiyo, nayo hupitisha ujumbe kupitia njia ambayo laptopu iliifungua kutoka ndani. Ni chombo kizuri, na sifa zake ni za haki. Lakini matokeo yake ni kwamba ujumbe kuhusu shilingi mia moja zilizolipwa Nairobi kwa duka la Nairobi huenda ukavuka bahari hadi Marekani au Ulaya, ukageuka, ukarudi Mowlem. Tena ni njia ya majaribio, si ya kuwekea biashara. Kuna pia njia ya kuiuliza Daraja kila baada ya sekunde kadhaa kama malipo yamekamilika. Inafanya kazi, lakini ni kumfundisha mwanafunzi kuuliza bila kukoma mahali ambapo mfumo ulitengenezwa ili aambiwe mara moja tu.

Wenye ploti nao wamo. Kamera za ulinzi zimeenea kwenye ngazi na malango ya Eastlands. Mwenye ploti anayetazama lango lake kwenye simu akiwa kijijini aghalabu hatazami moja kwa moja. Kamera nyingi za bei nafuu hupeleka mawasiliano yake kwenye seva za mtengenezaji, ng'ambo, kwa kuwa simu haiwezi kuipigia kamera iliyo nyuma ya malango mawili. Picha za wapangaji wakiingia na kutoka hutegemea kampuni ambayo hawajawahi kuisikia.

Hili la mawasiliano ya majirani kupitia ng'ambo lilishawahi kupiganiwa hapa nchini. Zamani, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilisafiri kwa setilaiti hadi nchi za nje kabla ya kurudi. Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya ziliungana na kuwasha kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya ukiritimba, ilipinga, na msimamizi wa sekta wakati huo, CCK, akaamuru kizimwe baada ya muda mfupi tu. Wenye kampuni hawakukubali. Walibishana hadi kituo kikafunguliwa tena Februari 2002, na leo ni miongoni mwa vituo muhimu vya aina yake barani. Waliopigania KIXP walishinda kwa hoja kwamba mambo ya Nairobi yaishie Nairobi. Hoja hiyo bado haijafika kwenye nyumba ya mpangaji.

Wapo watakaosema kwamba kufungua njia za kuingia ni kuwaalika wezi. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta kwa maelfu mengi, vifaa vilivyokuwa vikisikiliza kwenye mtandao wa umma huku vikiwa na nywila zilezile za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vikatumiwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, hadi tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Kenya nayo iliona Julai 2023 jinsi maombi mengi ya uongo yanavyoweza kuiziba huduma: eCitizen ililemewa, watu wakashindwa kupata huduma za serikali, na waziri wa wakati huo Eliud Owalo akathibitisha kwamba ni shambulio.

Lakini kinachozuia wavamizi ni ukuta wa ulinzi unaokagua kila kinachoingia, na ukuta huo hauhitaji wateja warundikwe kwenye anwani moja. Rauta inaweza kuzuia kila mgeni kwa kawaida yake na kumwachia mwenye nyumba uamuzi wa kufungua poti moja anayoijua. Tofauti iko kwa anayeshika ufunguo. Leo haushikwi na mwenye nyumba, na hakuna aliyemuuliza.

Wengine watasema kijana akodi seva ya mbali kwa dola 5 hivi kwa mwezi. Biashara iliyokwisha kusimama ifanye hivyo, hasa kwa kuwa stima za Eastlands hukatika na laptopu ya chumbani si mahali pa kuweka mfumo wa malipo ya duka. Anayejifunza yuko mahali tofauti. Dola 5 ni pesa kwake, kadi ya kulipia kwa dola ni kikwazo kingine, na zaidi ya hayo kuna mambo ambayo mtu huyaelewa tu anapoyaona yakitokea kwenye mashine iliyo mbele yake: foleni ikijaa, programu ikifa na kuwashwa tena kwa haraka kisha ikaambiwa anwani bado inatumika, wageni wawili wakija kwa pamoja na mmoja akisubiri kwa kuwa programu ilijengwa kumhudumia mtu mmoja tu kwa wakati. Hapo ndipo fundi wa mitandao anapozaliwa.

Dawa yenyewe ni IPv6. Anwani zake ni za biti 128, na fungu dogo la kawaida linalotolewa kwa nyumba moja lina anwani nyingi kuliko IPv4 nzima mara bilioni 4. Hakuna haja ya kurundika mtu. Kampuni kubwa za dunia ziliiwasha rasmi na kuiacha ikiwaka Juni 2012. India ndiyo tunayopaswa kuitazama zaidi: Reliance Jio ilipoingia sokoni Septemba 2016 na kuwauzia watu wa kipato cha chini intaneti ya bei nafuu, ilitumia IPv6 tangu mwanzo, na leo zaidi ya nusu ya watumiaji wa India wako huko. Kwa hiyo hoja kwamba wateja wa bei nafuu hawawezi kupewa anwani zao imeshajibiwa na nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja.

Uhaba wa IPv4 hauwezi kuwa kisingizio cha kudumu basi. Kampuni nyingi huuza anwani ya umma kwa wateja wa biashara kwa malipo ya ziada, na mtu anaweza kuona ni kwa nini haraka ya kubadilika si kubwa: kinachokosekana kina bei. Hapa ndipo Mamlaka ya Mawasiliano inapohitajika. Iwalazimishe watoa huduma waandike wazi, kwenye tangazo na kwenye mkataba, kama kifurushi kina anwani ya umma au la, na kama kina IPv6 au la, kwa maandishi yaleyale makubwa wanayotajia kasi. Iweke tarehe ambayo baada yake kila muunganisho mpya wa faiba wa nyumbani uwe na IPv6, pamoja na rauta ambayo mteja anaweza kuifungulia poti mwenyewe. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha mitandao vifanye jaribio lile la poti 8000 nje ya chumba cha darasa, ili mwanafunzi ajue mapema kwamba ukimya anaoupata si kosa lake.

Mteja naye asingoje. Afungue ukurasa wa rauta yake na asome anwani iliyoandikwa upande wa nje. Ikianza na 10, au iwe kati ya 100.64 na 100.127, yuko nyuma ya lango la pili. Ampigie mtoa huduma na aulize maswali mawili: anwani ya umma inapatikana kwa bei gani, na IPv6 itawashwa kwenye laini hii lini. Wanaopokea simu huenda wasiwe na jibu siku hiyo. Zikifika simu za kutosha kutoka Mowlem, Umoja, Kayole na Dandora, kuna mtu katika ofisi hizo atakayelazimika kulitafuta.